Hazel McCallion, meya wa miaka 36: maswali mnayoniuliza kila siku kijiweni

Binamu yangu anaendesha lori huko Mississauga, Kanada. Februari 2023 alinipigia akaniambia leo mji mzima unamuaga meya mstaafu, bibi wa miaka 101, na kila redio inamuongelea yeye tu. Nikaipeleka hiyo stori kijiweni kwetu, kwenye kahawa pale karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, na hapo ndo nilijitafutia kazi, maana toka siku ile haipiti wiki mtu hajaniuliza swali lilelile la juzi. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi rudi tu, ili mtu akiniuliza namtumia na mimi nakunywa kahawa yangu ikiwa bado ya moto.

## Ya mwanzo mwanzo

Huyu Hazel McCallion ni nani hasa?

Ni mama aliyekuwa meya wa jiji la Mississauga, jimbo la Ontario, toka 1978 mpaka 2014. Miaka 36 kwenye kiti kimoja. Mississauga iko ubavuni mwa Toronto, upande wa magharibi, na ule uwanja mkubwa wa ndege wanaouita wa Toronto sehemu kubwa uko Mississauga, yani ndugu zenu wanaopost wametua Toronto kiukweli wametua kwa Hazel.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1921 sehemu inaitwa Port-Daniel, kijiji cha pwani jimbo la Quebec, baba yake akiwa na biashara ya samaki. Alifariki 29 Januari 2023, zimebaki wiki mbili afikishe 102, na wakamfanyia mazishi ya kiserikali tarehe 14 Februari, siku yake ya kuzaliwa.

Huo mji mkubwa au ni kasenta tu kama Usa River?

Hapa ndo huwa wananyamaza. Sensa yetu ya 2022 Jiji la Arusha lilikuwa na watu 617,631. Mississauga kwenye sensa yao ya 2011, Hazel akiwa bado ofisini, ilikuwa na watu 713,443. Kwa hiyo chukua Chuga (Arusha) nzima, ongeza kama nusu ya Manispaa ya Moshi, umeipata. Na alipoingia walikuwa robo milioni na ushee tu, kwahiyo mji ulikua karibu mara tatu yeye akiwa pale pale anauangalia.

Alisoma nini mpaka akapewa mji?

Ukatibu muhtasi. Chuo kikuu hakwenda, nyumbani hela haikuwepo. Alifanya kazi Montreal kwenye kampuni ya uhandisi akahamia Toronto, na ujanani alikuwa anacheza hoki ya barafuni ya wanawake kwa kulipwa dola 5 kwa mechi, kitu ambacho machalii wa kijiweni walikataa kuamini mpaka nikawaonyesha picha.

1951 akaolewa na Sam McCallion, wakakaa mji mdogo unaitwa Streetsville, wakawa wanachapisha kagazeti ka mji huo. Mimi hilo gazeti naliona la maana kuliko cheti chochote, kwasababu mwenye gazeti la mtaa anajua nani kagombana na nani kuhusu mpaka, mtaro gani umeziba na mwenyekiti gani hajibu simu. 1967 akaacha kazi ya mshahara akaingia siasa moja kwa moja.

Alianza tu na umeya wa Mississauga?

Hapana, alianzia chini kabisa, kwenye bodi ya mipango miji na baraza la hako kamji ka Streetsville, na 1970 mpaka 1973 akawa meya wake. Januari 1974 serikali ya jimbo ikaunganisha Streetsville na miji mingine ikawa Mississauga. Hazel aliupinga muungano huo kwa nguvu zote na akashindwa. Sasa wengine wangesusa, yeye akaingia kwenye baraza la huo mji mpya uliommezea mji wake, akakaa humo kama diwani miaka michache, kisha 1978 akagombea umeya na akamtoa meya aliyekuwepo, Ron Searle, kwa kura kama 3,000 hivi. Kidogo sana. Ukiangalia alivyokuja kushinda baadae huamini kwamba mwanzo ulikuwa wa kubana hivyo.

Hawana ukomo wa vipindi?

Hawana. Unagombea mpaka uchoke au wakuchoke. Mwanzo uchaguzi ulikuwa kila miaka miwili, kuanzia 1982 ukawa kila mitatu, na kuanzia 2006 kila minne. Hazel alishinda mara 12 mfululizo. Kuna miaka alipata zaidi ya asilimia 90, na mara mbili alipita bila kupingwa.

Najua mlivyosikia "bila kupingwa" mnachofikiria. Kule ilitokea kwasababu hakuna aliyejitokeza kutupa hela zake kushindana nae, sio kwamba fomu za wenzake zilikutwa zina kosa la herufi.

## Umeya wao na umeya wetu

Si meya ni meya tu? Wa kule na wa Arusha wana tofauti gani?

Jina moja, kazi mbili tofauti, na hili ndo swali linalotakiwa kuulizwa kwanza ila linakuja la mwisho siku zote.

Mwananchi wa Mississauga anapewa karatasi ya kura ina majina ya wagombea umeya, anaweka alama, basi. Mwananchi wa Ngarenaro anamchagua diwani wa kata, alafu madiwani ndo wanakaa ukumbini wanamchagua meya miongoni mwao. Arusha ina kata 25, ongeza madiwani wa viti maalumu na wabunge ambao nao ni wajumbe wa baraza, hesabu yote inaenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi na viti vinabaki. Kwa hiyo bosi wa Hazel alikuwa mji mzima, bosi wa meya wetu ni huo ukumbi.

Alafu kuna chama. Uchaguzi wa miji Ontario hauna vyama kwenye karatasi, mtu anasimama kwa jina lake. Hapa meya anatoka kwenye chama chenye madiwani wengi, na kila anayefuatilia siasa anajua kwamba kikao cha chama cha kabla ndo uchaguzi wenyewe, ukumbini mnaenda kupiga makofi.

La tatu ndo zito: mkurugenzi. Kule enzi za Hazel mtendaji mkuu wa jiji alikuwa anaajiriwa na baraza, baraza likimchoka anaondoka. Huku mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais. Meya anavaa joho na mkufu, anaongoza vikao, ila kalamu ya malipo iko kwa mtu ambaye meya hakumleta na hawezi kumfukuza. Sisemi mfumo huu hauna sababu zake, nasema tu ukimlinganisha meya wa hapa na Hazel kwanza uangalie kila mmoja alipewa funguo gani.

Kwa hiyo Hazel alikuwa na mamlaka makubwa kisheria?

Hapana, na hii inashangaza. Kisheria enzi zake meya alikuwa na kura moja kwenye baraza kama diwani mwingine yeyote. Nguvu ilikuwa nje ya ukumbi. Diwani akitaka kumpinga anakumbuka kwamba huyu mama kata yangu yote inampigia kura, na wapiga kura wangu ni haohao wa kwake. Ndo maana vikao vyake vilikuwa vifupi na watu walikuwa wanakubaliana haraka haraka. Hiyo hiyo ndo ilikuja kumletea shida baadae, angalia swali la hoteli ya mwanae.

Kwanini sisi hatujawahi kupata meya wa kukaa muda mrefu hivo?

Anza na historia kidogo. 1972 Tanzania ilifuta serikali za mitaa, kile kipindi cha madaraka mikoani. Mabaraza ya miji yakaanza kurudishwa 1978, alafu sheria tunayoitumia mpaka leo ya mamlaka za miji ikaja 1982. Yani Hazel anaapishwa Mississauga, huku kwetu baraza la mji ndo linafufuliwa.

Alafu angalia kiti chenyewe kinavyoyumba. Toka mwisho wa 2010 mpaka uchaguzi wa 2025 Arusha ilikuwa na mameya watatu, Gaudence Lyimo, Kalist Lazaro na Maximilian Iranqhe, kila mmoja alichaguliwa na baraza lenye sura tofauti na lililopita. Wa kwanza alipatikana kwenye uchaguzi wa Desemba 2010 ambao Chadema waliukataa, na Januari 5, 2011 yakatokea yale maandamano, watu watatu wakapoteza maisha. Wa rika langu tunaikumbuka siku ile kwa moshi, mimi nilikuwa nimejifungia dukani kwa mtu Levolosi na wateja wanne, tumelowesha vitambaa maji tumeweka puani, hakuna aliyeongea karibu saa nzima. Kugombania kiti cha meya. 2015 baraza likaenda Chadema, 2020 meya wa Chadema akahamia CCM, na uchaguzi wa mwaka huohuo CCM wakachukua.

Sasa kiti kinachofuata upepo wa chama kitaifa, mtu atakikaliaje miaka 36? Hata angekuwa Hazel mwenyewe, chama chake kikipoteza kata kumi na kitu amekwisha, hata kama kata yake yeye kashinda kwa kishindo.

Madiwani wanaweza kumtoa meya katikati ya safari?

Wanaweza, kwa utaratibu wa sheria na kura za baraza. Hata mbali msiende, Manispaa ya Moshi meya aliyechaguliwa 2020 aliondolewa na madiwani wenzake 2022. Naibu meya yeye anachaguliwa kila mwaka. Hazel madiwani wasingeweza kumgusa kwa namna hiyo, ingehitajika mahakama, na walijaribu, tutafika huko.

## Alichofanya

Ile stori ya treni ni kweli?

Ni kweli, na ndo iliyomtengeneza. Jumamosi tarehe 10 Novemba 1979, karibu na saa sita usiku, Hazel hajafikisha hata mwaka ofisini. Treni ya mizigo ya mabehewa 106 inapita katikati ya Mississauga. Beringi ya ekseli moja ilikosa mafuta, ikachemka, tairi zikachomoka na ekseli yake, mabehewa zaidi ya ishirini yakatoka relini. Humo ndani kuna matangi ya gesi ya propani yakalipuka, moto ukaonekana kutoka mbali sana, na katikati ya huo moto kuna tangi la klorini limetoboka. Klorini ukiivuta kwa wingi inachoma mapafu.

Nilipofika hapo kwenye stori kijiweni kuna fundi mmoja wa bajaji aliweka kikombe chini akasema subiri, beringi? Akaenda akarudi na beringi mbovu ya mteja, imekuwa ya bluu kwa moto, akaipitisha mkono kwa mkono. Akasema hii ilikuwa inalia wiki mbili mwenye nayo anaongeza sauti ya redio.

Basi wakaanza kuhamisha watu usiku huohuo, mtaa kwa mtaa kufuata upepo, hospitali tatu zikahamishwa na wagonjwa wake, na wazee kwenye makao yao. Mpaka kesho yake zaidi ya watu 200,000 walikuwa wametoka majumbani. Mji ulifungwa karibu wiki. Hakufa mtu hata mmoja. Ulikuwa mmoja wa uhamishaji mkubwa kabisa wa watu Amerika Kaskazini wakati wa amani.

Hazel aliteguka kifundo cha mguu kwenye purukushani hizo, akaendelea kwenda kwenye vikao na waandishi wa habari huku anachechemea. Hiyo picha ndo watu walibaki nayo. Ila tuwe wakweli, waliofanya kazi ya kuokoa ni polisi, zimamoto na wataalam, na maamuzi yalikuwa ya wengi. Yeye kazi yake ilikuwa kutokea kila mara na kusema tunachojua ni hiki, na usirudi nyumbani bado. Mimi naona hiyo nayo ni kazi, na sio ndogo.

Ni kweli jiji lilikuwa halina deni hata senti?

Kwa miongo mingi, ndio, na alikuwa analitamba hilo kila akishika kipaza sauti. Ila ilivyowezekana wengi hawaisemi.

Mji ulikuwa na mashamba. Kampuni ya ujenzi ikitaka kujenga nyumba, jiji linasema sawa, ila kila nyumba unayoweka unalipia barabara, mabomba, mitaro, maktaba, bustani, na unalipa mwanzo. Nyumba zinajengwa maelfu kwa maelfu, hela inaingia, jiji linaweka akiba, kodi ya wakazi inabaki chini, nani atamchukia meya? Shida ni kwamba hiyo hela inakuja mara moja tu, nyumba ikishajengwa haikulipi tena ile tozo, lakini barabara yake inachakaa kila mwaka. Mashamba yalipoisha hela nayo ikapungua, kodi ikaanza kupanda, na miaka yake ya mwisho mwisho jiji likaanza kukopa.

Kwa hiyo usimamizi mzuri ulikuwepo, sikatai, ila ulikuwa umekaa juu ya ardhi tupu. Anayesimamia mji uliokwisha kujaa ana mtihani tofauti.

Na sisi jiji letu linaishi kwa hela gani?

Leseni za biashara, ushuru wa huduma, masoko, stendi, maegesho na vingine vingi vidogo vidogo, pamoja na ruzuku ya serikali kuu ambayo ndo inabeba mishahara na miradi mingi mikubwa. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani inatakiwa iende mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Tofauti kubwa ni kodi ya majengo. Mississauga hiyo ndo mhimili, inakuja bili nyumbani, mtu anaifungua mezani, anaona imepanda, anapiga simu kwa meya kuuliza ya nini. Kwetu toka 2021 unakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi ikaja 1,500. Unanunua umeme wa elfu tano usiku unapewa uniti pungufu, unasonya, unalala. Hapo utampigia nani? Binamu yangu anajua anailipa jiji kiasi gani kwa mwaka mpaka senti, mimi nikiulizwa naanza kuhesabu vidole.

Mbona wanasema hakuwahi kufanya kampeni?

Miaka mingi hakuweka mabango, hakuchangisha, na aliyetaka kumchangia alimwambia peleka kwenye hisani. Gari alikuwa anaendesha mwenyewe. Lakini usidanganyike, mtu anayefika kila ufunguzi wa duka, kila mahafali na kila msiba kwa miaka 36 hiyo sio kukosa kampeni, hiyo ni kampeni isiyolala.

## Madoa

Sasa tuambie ukweli, alikuwa anaiba saa ngapi?

Hili ni swali la mzee mmoja pale kijiweni, analiuliza kila mara kwa maneno hayohayo, na kila nikijibu anatikisa kichwa kama vile nimehongwa mimi.

Hakuna mahali ilithibitishwa kwamba aliweka hela ya jiji mfukoni. Ila kashfa za mgongano wa maslahi alikuwa nazo, mbili kubwa. Ya kwanza 1982, mahakama ilimkuta amevunja sheria kwa kubaki kwenye kikao kinachojadili jambo linalogusa ardhi aliyokuwa anaimiliki. Jaji akaona ni kosa la kupitiwa, sio la nia mbaya, kiti akabaki nacho.

Na hiyo ya hoteli ya mwanae?

Hiyo ndo ya pili na ndo nzito. Kulikuwa na mpango wa kujenga hoteli na kituo cha mikutano karibu na makao ya jiji, na kampuni iliyokuwa inautaka mradi ilikuwa na mkono wa mwanae Peter. Hazel kwenye baraza la jiji alikuwa anatangaza maslahi na kukaa pembeni. Nje ya kikao lakini alikuwa anausukuma huo mradi, anaongea na wahusika, anakutana na watu. Mradi wenyewe ukafa.

Baraza likaitisha uchunguzi wa wazi chini ya Jaji Douglas Cunningham, na Oktoba 2011 taarifa yake ikasema mgongano wa maslahi ulikuwepo, wa kweli kabisa. Akapelekwa mahakamani ili atolewe kwenye kiti, 2013 kesi ikatupwa, na moja ya mambo yaliyojitokeza wazi kwenye sakata lote ni kwamba sheria yao ilikuwa inaangalia zaidi unachofanya ukiwa ndani ya kikao. Sasa meya mwenye nguvu kama ile, kazi yake ngapi inafanyika ndani ya kikao?

Kinachonishangaza mimi ni tarehe. Uchaguzi wa 2010 ulifanyika uchunguzi ukiwa unaendelea, watu wanausikia kwenye habari kila siku, na bado wakampa kama asilimia 76. Zilishuka kutoka zile za tisini, ndio. Lakini sabini na sita! Alikuwa na miaka 89.

Mbali na hiyo, wanaomlaumu wanamlaumu kwa lipi?

Kwamba mji aliujenga wa magari. Nyumba zimetandaa, barabara pana njia sita, duka liko mbali na unapoishi. Binamu yangu akiishiwa mkate anawasha gari. Mashamba mazuri yaliliwa na viwanja, na ukijumlisha na ile habari ya tozo za wajenzi hapo juu unaona kwanini hakuna aliyekuwa na haraka ya kusema stop. Baadae mwenyewe alibadilika, akawa anasukuma maghorofa katikati ya mji na usafiri wa umma, ila barabara ukishaichora huifuti.

Mtu wa Arusha akisoma hapa aende Muriet au Kwa Mrombo akaangalie, alafu afikirie kifodi, yani daladala, kitapita wapi miaka 20 ijayo. Mimi nimeishia hapo.

## Maswali ya pembeni

Alijiuzulu au alipigwa chini?

Aliamua mwenyewe kutogombea 2014, akiwa na miaka 93, akamuunga mkono Bonnie Crombie aliyeshinda na kukaa mpaka mwanzoni mwa 2024. Baada ya hapo akaingia Carolyn Parrish, ambae nae ni mkongwe wa siasa za hukohuko.

Baada ya kustaafu alikaa nyumbani?

Wapi. Akawa mkuu wa chuo cha Sheridan, yani yule anayevaa joho kutunuku, akaingia bodi ya mamlaka ya viwanja vya ndege vya Toronto, na 2022 akiwa na miaka 101 wakamuongezea miaka mitatu kwenye bodi hiyo. Mkataba wa miaka mitatu kwa mtu wa 101, hiyo ni imani au ni utani, chagueni.

Barabara ya mtaani kwetu ina mashimo, nimpelekee meya kama walivyokuwa wanafanya kwa Hazel?

Unaweza kumwambia, ila toka 2017 barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, maji hapa Arusha ni AUWSA, umeme Tanesco. Mimi nililijua hili kwa miguu. Mtaro mbele ya kibanda changu ulikuwa umeziba, mvua ya Aprili ikawa inaingia mpaka kwenye mashine ya kutolea kopi, nikazunguka ofisi tatu na picha kwenye simu, kila moja inanielekeza kwa mwenzake kwa upole kabisa. Kilichosaidia ni mwenyekiti wa mtaa kumpigia diwani na vijana wawili wenye sururu tuliowachangia soda na chapati.

Kwa hiyo ushauri wangu anza kwa mwenyekiti wa mtaa, alafu diwani, na nenda na picha yenye tarehe. Meya ni wa mwisho, na ukifika kwake ataanza kwa kukuuliza diwani wako amesemaje.

Naruhusiwa kuingia kwenye baraza la madiwani kusikiliza?

Unaruhusiwa, vikao vya baraza la wazi ni vya wazi kweli, kwa kawaida kila robo mwaka. Unakaa nyuma, husemi, simu unazima mlio. Vikao vya kamati ndo sio vya kila mtu. Nilienda siku moja nikakuta wasikilizaji tuko sita, wawili wamekuja kusubiri mtu. Taarifa za kata zinasomwa moja moja na ni ndefu, beba maji.

Kuna kitu kimebaki na jina lake?

Vipo vingi, ila viwili vina visa. Mississauga iko chini ya serikali ya mkoa mdogo unaitwa Peel, pamoja na Brampton na Caledon, na Hazel miaka yote alikuwa anataka mji wake utoke humo kwasababu aliona unachangia kuliko unavyopata. 2023 baada ya kufa kwake Ontario wakapitisha sheria ya kuivunja Peel wakaipa jina lake. Desemba mwaka huohuo wakaghairi kuivunja.

Kingine ni reli ya treni za mjini inayopita barabara ya Hurontario, kilomita kama 18, ilipewa jina lake Februari 2022 alipofikisha miaka 101. Binamu anapita pembeni yake na lori karibu kila siku, na mara ya mwisho tulipoiongelea, 2024, jina lilikuwepo ila abiria hata mmoja alikuwa hajapanda, bado wanajenga. Yule mzee wa swali la wizi kusikia hivo alicheka mpaka kashata ikampalia. "Kumbe na wao wanazindua jina kwanza!"